Walikuwepo Akina Nani?

Nimestaafu kabla sijafikisha miaka thelathini. Najua neno hilo halinifai, na nimelifikiria sana kabla ya kuliandika, lakini sijapata lingine. Kazi yetu ina kanuni moja nyepesi: mbunge wa jimbo akiondoka, wafanyakazi wa ofisi yake huondoka naye. Mzee Mwakio ameamua kutogombea tena. Yeye ana mvi za kutosha na bustani ya kumngoja. Mimi sina mvi wala bustani. Nina boksi lenye kikombe, viatu vya akiba na chaja mbili, ya pili ikiwa ya siku ambayo ya kwanza ingeharibika. Haikuharibika.

Naandika kwa ajili yenu mliomaliza masomo ya sheria juzi, mnaonisimamisha nje ya kanisa pale Blacktown, hapa Sydney, na kuniuliza, "Dada Zawadi, kazi ya ofisi ya mbunge ikoje?" Huwa nawajibu kwamba ni nzuri. Kisha natembea mpaka stesheni nikijiuliza kama nimewadanganya. Basi hili ndilo jibu refu.

Nianze na mwenye ofisi, maana kazi yenyewe niliijua kupitia kwake. Mzee Mwakio ni Mtaita wa Kenya aliyekuja Australia kusoma sheria. Alipomaliza, kazi aliyoipata ni ile ambayo wenzake waliikataa, katika mji mdogo kusini mwa jimbo, mbali na Sydney kiasi kwamba redio ya gari hupoteza stesheni njiani. Mji ulikuwa na barabara moja kubwa, benki, baa na mahakama iliyofunguliwa siku hakimu alipopita. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la mbegu na vifaa vya farasi, na wateja wake walikuwa wafugaji wa kondoo.

"Miezi ya mwanzo walikuja kunitazama tu," aliniambia. "Walipochoka kunitazama wakakumbuka kwamba wana matatizo."

Huko ndiko alikonunua chupa ya chai, ile kubwa ya bati iliyobonyea ubavuni, ambayo yeyote aliyewahi kuingia ofisini kwetu anaijua. Wafugaji walikuwa wakiendesha gari mwendo mrefu kumfikia, na hasira yao ilikuwa ikiongezeka njia nzima. Akaona kwamba mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hawezi kupiga meza. Toka hapo hakusikiliza kesi yoyote kabla ya kumimina chai, na mpaka mtu amalize kunywa hakuandika chochote.

Huko pia ndiko alikojifunza swali lake. Mfugaji mmoja mzee alikuja kuandika wosia, kaletwa na binti yake. Akasema shamba lote liende kwa huyo binti, na kaka zake wasipate kitu. Alilisema wazi, akalirudia. Mzee Mwakio, wakati huo kijana, alikuwa ameshashika kalamu. Kisha akamwomba yule binti ashuke akamtafutie sukari. Mlango ulipofungwa, mfugaji akatazama chai yake na kusema, "Sasa tuandike wosia."

"Maneno peke yake hayakuambii kitu," Mzee alikuwa akiniambia. "Uliza kwanza walikuwepo akina nani yalipotamkwa."

Baada ya miaka mingi mke wake, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika hospitali kubwa upande wa Parramatta, hapa Sydney, wakahamia Granville. Akafungua ofisi ya uwakili juu ya duka la mikate, na kila anayeijua ile mitaa anajua harufu ya asubuhi zake. Wateja sasa walikuwa Walebanoni, Wanepali, Wasudani, Wakenya, na sisi Wakongo. Aligombea ubunge kwa sababu, alivyosema, alichoka kuwaambia watu kwamba sheria haisemi hivyo. Akataka kwenda kukaa mahali inapoandikwa. Alipofika bungeni akakuta kwamba huko nako watu hutoka nje wakati mwingine akizungumza. Niliwahi kukaa juu, kwenye viti vya watazamaji, akitoa hotuba kuhusu wapangaji mbele ya viti vitupu. Mimi ningeishia katikati. Yeye aliimaliza, akakunja karatasi, na kwenye treni ya kurudi akasema, "Kule kusini, hakimu angalau hakuwa na ruhusa ya kutoka kwenda kununua kahawa."

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema mno. Sikutaka waone nimefika mapema mno, kwa hiyo nikazunguka maegesho ya magari ya stesheni mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza gari. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kuhusu katiba ya jimbo, maana hapa kila jimbo lina katiba na bunge lake. Mzee alinionyesha choo, birika na simu, kwa mpangilio huo. Simu ikalia, naye akanitazama.

Niliipokea. Mtu mmoja alikuwa akilalamika kuhusu pipa lake la taka kuachwa bila kumwagwa. Mapipa ni kazi ya halmashauri, si ya mbunge wa jimbo, nami nilijua hilo, lakini nikawaza labda kuna kifungu nisichokijua, labda ni mtihani, labda huyu ni rafiki ya Mzee. Nikamwambia nitampigia. Nikaweka simu na kuanza kuandika jibu, nikalifuta, nikaliandika tena.

"Unaogopa nini?" Mzee aliuliza.

"Kwamba nitajibu vibaya, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa ni huko bungeni, hapa ni Mzee tu. Utajibu vibaya, sawa. Halafu?"

"Halafu atakasirika."

"Ameshakasirika, Zawadi. Ndiyo maana amepiga."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, nami nawapa bure. Watu wanaoipigia simu ofisi ya mbunge wameshajaribu kila mahali pengine. Hawatarajii uwe na akili nyingi. Wanatarajia uwe bado upo kwenye simu wakimaliza kusema. Mengine ya mwaka ule wa kwanza mtayapata wenyewe: miti inayoangukia ua wa jirani, wanafunzi waliofutiwa bima, bwana mmoja wa Merrylands aliyetaka bunge limlazimishe shemeji yake kumrudishia ngazi. Nilimwandikia barua nzuri sana yule bwana wa ngazi. Niliipitia mara nyingi kuliko tasnifu yangu.

Kesi ninayotaka mwijue ilikuja nilipokuwa nimeshazoea, yaani nilipokuwa nikizunguka maegesho mara moja tu.

Mama Solange alikuwa amefiwa na mumewe. Ni mama wa Kikongo, wa Uvira, anafanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee, na ana watoto wanne shuleni. Wanakaa nyumba ya kupanga Merrylands, karibu na shule yao. Mazishi hapa huchelewa, mnajua, na kwetu matanga hayangoji mazishi. Watu wakaja. Magodoro yakatandikwa sebuleni, wababa wakakaa uani kwenye viti vya plastiki, kwaya ikaimba. Wengine walitoka Wollongong, wengine Newcastle, miji ya mbali, nao wakalala hapo hapo kwa kupokezana mpaka mzee wa watu akazikwa, na baada ya hapo kidogo. Jirani akalalamikia kelele. Ajenti wa nyumba akaja kukagua, akakuta viatu vimejaa kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi, akavipiga picha. Akamuuliza Mama Solange kama watu wote hawa wanaishi humu. Mama Solange akajibu ndiyo, wote.

Mkataba uliruhusu watu sita. Ikaja ilani ya kuhama, na mwenye nyumba akafungua kesi katika baraza linaloamua mambo ya wapangaji. Akishinda, mama yule na watoto wanne wangetafuta nyumba Sydney, wakiwa na rekodi ya kufukuzwa na mshahara mmoja. Mliowahi kutafuta nyumba hapa hamhitaji niseme zaidi.

Sasa, mbunge hawezi kwenda kumwambia mwamuzi la kufanya. Akijaribu, yeye ndiye atakayekuwa na kesi. Mzee angeweza kuisimamia akiwa wakili wa juu ya duka la mikate, lakini kwa sasa alikuwa amefungwa mikono na cheo chake, na niliona kinamuuma. Alichoweza ni kumwelekeza mama kwa washauri wa wapangaji, ambao walimsaidia kuandaa majibu, na kumruhusu yeyote ofisini amsindikize kama rafiki. Yeyote ofisini alikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, sijaapishwa bado kuwa wakili.

Niliandika kurasa na kurasa. Nilichambua maana ya kuishi, maana ya kukaa kwa muda, maana ya mgeni. Nikampelekea Mzee. Akazisoma zote, kwa heshima, kisha akachukua chupa ya chai na kusema twende Merrylands.

Mama Solange alitukaribisha mezani. Mzee akamimina, akangoja, kisha akauliza.

"Mama, yule ajenti alipokuuliza, walikuwepo akina nani?"

"Bote, Mzee." Mama aligeuza kikombe mkononi, akajibu kwa Kiswahili cha kwao Uvira. "Mama Furaha alikuwa amekaa pale, kwa ile godoro. Ameacha batoto bake Wollongong, analala chini kwa ajili ya bwana yangu. Papa Bahati alikuwa kwa mlango. Bote banasikia. Niseme nini? Niseme mbele yabo, hawa ni bageni tu, kesho banatoka? Ile ni kufukuza mtu. Mi siwezi fukuza mtu kwa matanga."

"Kwa hiyo ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo. Ungesema nini, weye?"

Mzee alikubali kwamba yeye pia angesema ndiyo. Mimi nilitazama kurasa zangu. Nimekulia katika nyumba za namna hiyo, nimelala kwenye magodoro hayo, na najua kwamba mfiwa hamwambii mtu muda wa kuondoka. Anayekuja kulia nawe ni wa nyumba yako mpaka atakapoamka mwenyewe akafunga kitambaa chake. Nilijua hayo yote, na bado nilikwenda kuyatafuta kwenye kifungu.

"Baraza likikuuliza," Mzee alisema, "utasema kama ulivyoniambia mimi. Walikuwa wageni, wameondoka. Basi. Zawadi atakaa karibu nawe."

"Nitasema," alijibu, akiangalia chini. Kule kuangalia chini kulinisumbua njia nzima ya kurudi, ila karibu kila kitu hunisumbua, kwa hiyo sikulitilia jambo hilo uzito.

Siku ya kesi Mzee alisema hataingia. Mbunge akikaa nyuma ya chumba, hata akinyamaza, ni kama ameweka kidole kwenye mizani. Angekaa bustanini, ng'ambo ya barabara, na chupa yake. Mimi nilifika mapema, bila shaka. Lifti ilipofunguka, nilielewa kwa nini mama alikuwa ameangalia chini.

Walikuwa wamekuja wote. Papa Bahati akiwa na suti yake ya Jumapili, Mama Furaha kutoka Wollongong, kwaya nzima katika kitenge kimoja cha kanisa. Walikuwa wameomba ruhusa kazini, wengine wametoka zamu ya ghala bila kulala. Walimsalimia mama mmoja mmoja kwa mikono miwili, na chumba cha kesi kilipofunguliwa wakaingia, wakajaza viti vyote nyuma yetu. Ajenti aliwatazama kama mtu anayeona picha yake ya viatu imepata miguu.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani kichwani. Mkalimani alikuwa kwenye simu ya kipaza sauti. Ajenti akatoa picha, akaeleza jibu alilopewa. Mwamuzi akamgeukia mama na kumuuliza, polepole, kama watu wale walikuwa wakiishi kwake.

Mama Solange aligeuka nyuma. Mama Furaha akamtikisia kichwa, kumpa moyo. Papa Bahati akafunga macho, nadhani alikuwa akimwombea. Mama akageuka tena mbele, akafungua mdomo, akaufunga.

Mkalimani akarudia swali.

"Mama anahitaji dakika chache," nilisema, kwa sauti ambayo sikuitambua. Mwamuzi akashusha miwani, akamtazama, akasema tupumzike kidogo.

Nilivuka barabara bila kungoja taa. Mzee alikuwa kwenye benchi, mguu juu ya mguu.

"Hawezi," nilimwambia. "Wamekuja kumsaidia, nao wamekaa nyuma yake. Siwezi kuwaambia watoke. Nikiwaambia nitakuwa nimewafukuza mimi, tena mtoto wao. Nimefikiria nimwombe mwamuzi afunge chumba, lakini watajua ni kwa nini, na pia nimefikiria..."

"Wamekuja wangapi?"

"Wote, Mzee."

Alifunga kifuniko cha chupa, akasimama. Hakuingia chumbani. Alipanda mpaka kwenye korido, ambako watu walikuwa wamesimama na mama katikati yao, akamsalimia kila mtu. Kisha akamwambia Papa Bahati, kana kwamba wamekutana sokoni:

"Papa, nimekuja na chai. Chupa moja haitoshi watu wote hawa, lakini pale chini kuna duka. Twendeni tukanywe."

Papa Bahati akaitazama chupa. "Mzee, siye tumekuja kumsindikiza."

"Na mmemsindikiza. Hapa ndipo alipokuwa anakuja, amefika."

Papa Bahati ni mtu mzima. Alimtazama Mzee, akamtazama mama, ambaye alikuwa akitazama sakafu, na nikaona jambo limemwingia. Alifunga kifungo cha koti.

"Haya, batu ya Mungu," alisema. "Tushuke. Mbunge ananunua chai leo, tena ni Mkenya, hamutaona hii mara mbili."

Wakacheka, wakaingia kwenye lifti kwa mafungu. Mama Furaha alikuwa wa mwisho. Alivua kitambaa chake cha mabegani, akamfunika nacho Mama Solange, akaondoka.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani. Mwamuzi akarudia swali lake. Mama alishika ncha za kitambaa.

"Balikuwa bageni," alisema. "Balikuja sababu bwana yangu alikufa. Balikaa na mimi. Sasa bamerudi kwabo, bote. Nimebaki na batoto."

Mkalimani akalisema kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza lilikuwa jibu la kawaida tu, na lilitosha. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia jinsi pumzi yake ilivyotoka. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kwamba wameondoka. Mpaka siku ile matanga yalikuwa hayajamalizika, maana hakuna aliyekuwa ameyamaliza kwa mdomo.

Mwamuzi alitupilia mbali ombi la mwenye nyumba, akamwonya mama kuhusu kelele, akampa pole. Kurasa zangu zilibaki kwenye begi. Tulipofika dukani Mama Solange alikaa katikati ya kwaya, akanywa chai, na hakuna aliyemuuliza alisema nini huko juu. Hawajamuuliza mpaka leo.

Nimewahi kumuuliza Mzee kama lile ndilo jambo kubwa alilofanya akiwa mbunge. Alifikiri, akasema hapana, kuna kifungu fulani cha sheria ya uzio alichokirekebisha, nacho kitadumu. Nadhani alikuwa akitania. Naendelea kulifikiria.

Wiki iliyopita tulifunga ofisi. Tulikuwa tumetangaza siku ya kuaga, asubuhi tu, na watu walikuja asubuhi na hawakuondoka. Yule bwana wa ngazi alikuja. Mwokaji wa Granville alileta trei za mikate. Kwaya ilikuja na kitenge chake. Alasiri akafika bwana wa kupokea funguo, mtu wa serikali, mstaarabu, mwenye haraka. Alisimama mlangoni akitazama watu waliokalia viti, meza na maboksi yetu, akamuuliza Mzee kama hawa wote ni wafanyakazi wa ofisi hii.

Mzee Mwakio aliwatazama. Wote walikuwa wanasikia.

"Ndiyo," alisema. "Wote."

Bwana wa funguo akatazama saa. Mimi nikaanza kuwaza: nimweleze huyu, niwaeleze hawa, nizime taa moja kama ishara, labda nisizime. Kabla sijaamua, Mama Solange alikuwa amesimama. Alikwenda kwenye rafu, akachukua ile chupa iliyobonyea, akaitikisa kusikia kama ina kitu.

"Haya," alisema. "Chupa moja haitatosha. Kuna duka hapa chini. Twendeni tukanywe chai."

Papa Bahati ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wakamshika Mzee mkono kwa mikono miwili, wakashuka ngazi. Tulisikia sauti zao zikipungua mpaka mlango wa barabarani ukafungwa.

Mzee aliviangalia viti. Akatoa funguo mfukoni, akamwambia yule bwana, kwa Kiingereza cha taratibu, kwamba wale hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa wageni, na wameondoka. Ofisi ni tupu.

Kisha akageuka, akaniona bado nimesimama pale na boksi langu.

"Na wewe pia, Zawadi," alisema. "Chai itapoa."